Wameleta Kuni na Hakuna Aliyekufa

Paulina mwanangu,

Marahaba. Nimeitika kabla hujaniamkia, maana huko uliko sijui kama bado mnawaamkia wakubwa au mmeshaacha, kama hawa watoto wa siku hizi wanaonipita njiani wanasema "mambo bibi". Mimi mzima. Goti ni lile lile, ukungu ukishuka kutoka mlima Hanang linanipa habari kabla ya redio. Yule ng'ombe wako mwenye baka jeupe usoni amezaa tena, dume, na ni jinga kama mama yake, linanyonya hata kamba.

Anayeandika ni mdogo wako Fausta. Mimi sikusomeshwa, unajua. Mimi nilipewa ng'ombe nichunge, kaka zangu wakapewa madaftari, na hao kaka zangu hakuna aliyefika popote, lakini hayo tuyaache. Nimemwambia Fausta aandike kila neno kama linavyotoka, asiniongezee Kiswahili cha redioni wala asinipunguzie ukali. Akimaliza anasema ataiweka barua hii kwenye simu, wasome watu wote wa jumuiya yetu. Wasome. Kila mmoja atajiona alipo. Tumekaa nyuma ya jiko, upande wa jua, ameweka karatasi juu ya sinia na analalamika kwamba naongea haraka. Aongeze mwendo.

Kesho asubuhi tunasafiri, yeye na mimi. Nimetaka nikuambie mwenyewe kabla sijatoka, usije ukasikia kwa marehemu wengine wakakupa habari iliyoharibika.

Fausta anakwenda kutolewa matiti. Yote mawili. Na haumwi. Andika tena, Fausta: haumwi. Hapa Endasak nimelisema hilo neno mpaka mate yamekauka, na mtu anakuitikia "ee, ee, haumwi", halafu anamtazama kifuani kama anatafuta funza.

Ilikuwa hivi. Baada ya kukuzika, Fausta alirudi ile hospitali kubwa ulikolazwa. Alikwenda kwa ajili ya karatasi zako tu. Yule daktari wa kike, mwembamba yule, uliyekuwa unasema anatembea kama korongo, akamuuliza, kwenu nani mwingine alikuwa na kansa ya titi? Fausta akasema sijui, muulize mama. Basi nikaitwa, nikapanda basi na goti langu, nikamwambia: mama yangu. Na dada yake mama yangu. Na binti wa huyo dada. Nikiwa nawataja namwona daktari anaacha kuandika, ananitazama. Akasema, bibi, naomba damu yako na ya huyu.

Damu yetu ikasafirishwa mbali kuliko mimi nilivyowahi kwenda. Majibu yakarudi. Kuna kitu ndani ya damu, cha kurithi, kimetoka kwa mama yangu, kikaja kwangu, kikaja kwako, kikaja kwa Fausta. Kwangu kimepita tu, hakikukaa. "Bibi, wengine wanabeba bila kuugua," ndivyo alivyosema.

Paulina, nimebeba maji maisha yangu yote. Nimebeba mahindi, nimebeba kuni, nimewabeba ninyi mgongoni mmoja baada ya mwingine. Na hiki nacho kumbe nimebeba, hakuna hata aliyeniambia nina mzigo. Nilitazama mkono wangu pale walipobandika pamba nikashikwa na kinyaa. Kinyaa kabisa, kama umeinua jiwe ukakuta vile vidudu vyeupe. Nilipofika nyumbani nikauosha kwa sabuni ya unga, nikausugua na gunzi. Fausta akanikuta, akaninyang'anya gunzi.

Nilimwambia daktari, basi kata ya kwangu, haya hapa, yamelala tangu zamani kama soksi, nani atayauliza? Akacheka mpaka akavua miwani. "Bibi, ya kwako hayatusumbui." Akaeleza vizuri, sitasema uongo, alieleza kama mtu anayeeleza watu. Kwamba Fausta anaweza kuangaliwa kwa mashine kila mwaka, wakikiona kitu wakikamate mapema. Au anaweza kuyatoa kabla, na hapo hatari inapungua sana, haiishi yote lakini inapungua sana. Achague yeye, hakuna wa kumlazimisha. Fausta akakaa na hilo neno mavuno mawili. Anashona sare za shule huku analiwaza. Halafu siku moja wakati tunapukuchua mahindi akasema, "Mama, nimechagua. Watoe." Nikasema haya. Tukaendelea kupukuchua.

Wewe unajua kwa nini nilisema haya kwa haraka hivyo. Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwa ndani ya ile harufu.

Mimi siwezi kuipamba. Watu wakisimulia marehemu wao wanasema alilala kama malaika. Wewe hukulala kama malaika, mwanangu, wewe ulioza ukiwa unaongea. Nilikuwa nakufungua kitambaa nikiwa nimeziba pumzi, na wewe unaniona nimeziba, unaniambia, "Aayo, pumua tu, harufu haiui." Hadi mwisho uliniita aayo, kwa lugha yetu, wenzako wote wamehamia kwenye "mama". Ukaniomba kibuyu cha maziwa, kile kilichosafishwa kwa moshi wa mti wenyewe, si kwa ajili ya kunywa, kunywa ulikuwa huwezi tena. Ulikuwa unakiweka mdomo wake puani unavuta ile harufu ya moshi. Unafumba macho. Unasema, "Hapa ndipo nyumbani." Kile kibuyu nimekifunga kwenye kanga, kesho kinasafiri na sisi. Nesi akikikataa mlangoni atanieleza.

Sasa nikuambie habari ya watu, maana ndiyo iliyonifanya niombe karatasi.

Wewe hukuikuta meeta. Ilikuwa imekufa ulipozaliwa, au walisema imekufa. Zamani kule Dongobesh juu nilikozaliwa, nyumba ikiingiwa na kifo cha aina fulani, mnatengwa. Hamwendi kwa watu, watu hawaji kwenu. Moto wenu ukizimika hakuna wa kuwapa kaa. Njia yenu ni yenu, mkikutana na mtu anaingia kwenye miiba kuwapisha. Hiyo ndiyo meeta. Mama yangu alipokufa na lile titi lake, walikuwa hawajui jina la ugonjwa, walijua harufu tu. Tukawekwa meeta. Tukaambiwa tusichote maji pale juu kwenye chemchemi na wenzetu, tuchote chini, chini ya pale ng'ombe wanaponyweshea. Paulina, nimekuwa mzee lakini yale maji bado yako kwenye meno yangu. Unachota, unaondoa mavi kwa kiganja, unasubiri matope yatulie, unakunywa. Nilikuwa binti mdogo, matiti ndiyo kwanza yanaota, na shangazi yangu ananitazama kifuani kama huyu jirani yetu Mama Safari anavyomtazama Fausta leo.

Kanisa lilikuja, serikali ikaja, wakasema mambo ya kutengana basi. Vizuri. Lakini mimi nakuambia zamani walikukimbia, siku hizi wanakuja na chupa ya chai. Nikipewa nichague sijui nichague lipi.

Jumapili ile nyingine, baba yenu mdogo Bura alisimama jumuiya. Unamjua Bura, mdogo wake baba yako, yule hawezi kupita mahali pana benchi asisimame kuongea. Akasema, "Tumwombee binti yetu Fausta, wanakwenda kumkata yote mawili, hali si nzuri." Mimi sikuwepo, goti. Fausta hakuwepo, alikuwa anamalizia sare. Kwa hiyo hakuna wa kumwambia kaa chini.

Kesho yake nikaenda kuangalia maharage kule shamba la chini. Narudi, nafika pale kwenye kona ya mkonge, naona turubai nyumbani kwangu. La bluu. Vijana wako juu ya ngazi wanafunga kamba. Chini wamepanga mabenchi ya kanisa. Na kuni, Paulina. Mzigo juu ya mzigo, zimeegemezwa kwenye ukuta wangu.

Wewe ni mtu wa hapa, huhitaji kuelezwa. Hakuna mtu anayekuletea kuni nyumbani bila sababu. Harusi haikuwepo. Nikajua Fausta amekufa. Nimetoka asubuhi amenipa uji, na sasa amekufa. Lile jembe sijui nililitupa wapi, hadi leo halijaonekana. Goti sikulisikia. Nilikimbia kama sijui nini, naita jina lako, si lake, naita "Paulina! Paulina!" Kichwa kilikuwa kimeshachanganyika.

Nafika, nakuta wanawake wamejaa chini na kanga mabegani, na katikati yao Fausta, mzima, ana futi yake ya kushonea shingoni, amekaa kama mtu aliyekamatwa.

"Nani kafa?" nikapiga kelele.

"Hajafa bado, Mama Paulina," Mama Safari akasema, kwa ile sauti yake ya kanisani, jirani yangu huyo ambaye kuku wake wananilia mboga miaka yote. "Tumekuja mapema."

"Mapema ya nini?"

"Si wanamkata yote mawili? Mtu akikatwa yote anarudi?"

"Anarudi na basi!" nikamwambia. "Na lile lile lililompeleka!"

Hakuna aliyecheka. Mmoja alitoa leso. Wanampapasa Fausta mgongoni, wanampapasa mikono, kama mtu anayepima kondoo kama ana mafuta. Na yule Mama Safari, sikiliza, sijui hata kama nikiisema Fausta ataandika. Ataandika? Anacheka. Andika. Mama Safari akainama sikioni kwake, lakini ana sauti kama debe, sote tukasikia: "Fausta mwanangu, na zile sidiria zako nzuri za Katesh, zitakaa tu bure?"

Mwili mzima ulinisisimka. Ptu! Mtu hajatoka hata nje ya geti unaomba nguo zake za ndani. Mimi nilitema mate palepale, mbele yao, na sikuyafukia.

Fausta akainuka. Nikajua anamfukuza. Akaingia ndani akarudi na ile nyekundu, ile yenye maua, akampa kwa mikono miwili kama anayempa mgeni maji. "Chukua, mama mdogo. Uivae ukiwa na furaha." Na yule mwanamke akaipokea! Akaipima palepale juu ya sweta. Akageuka kushoto, akageuka kulia, anawauliza wenzake, inanikaa?

Walipoondoka jioni wakaacha turubai, wakaacha kuni, unga, na maharage gunia zima, wakasema watarudi. Fausta akakaa kwenye cherehani yake. Kuna magauni alikuwa amejishonea ya kuvaa baadaye, ya vifungo mbele, kifua bapa kabisa, maana daktari alimwambia mikono haitapanda juu kwa muda. Alikuwa ameyashona huku anaimba. Sasa ameyashika tu.

"Mama, siendi," akasema.

"Huendi wapi?"

"Siendi. Wameshanizika. Nikirudi nitakuwa mzuka unaotembea na futi shingoni. Wananiangalia kifua kama ng'ombe wa mnadani."

Paulina, hayo ni maneno yako. Yeye hakuwahi kuyasikia, ulikuwa unaniambia mimi peke yangu mlango umefungwa. "Aayo, wafukuze, wananiangalia kama ng'ombe wa mnadani." Niliposikia yametoka kwenye mdomo wake nikakaa chini. Wewe ulikuwa umebakiza kitanda na mimi. Huyu ni mzima, ana kazi yake, ana wateja mpaka Gendabi, na wameshamfikisha kwenye maneno yale yale.

Na haikuishia hapo. Siku iliyofuata akaja Bura na kondoo. Hodi hodi, ameshika kamba. Nikamwambia karibu shemeji, nikamletea kiti, heshima ni heshima. Akasema, "Shemeji, nimewaza. Haya mambo ya hospitali tuyaache. Hii ni laana, na imetoka upande wenu wa Dongobesh. Tuchinje huyu, Fausta avae ngozi yake kidoleni, basi, imekwisha."

Nikamtazama yule kondoo. Nikamwambia, "Shemeji, huyu kondoo ni wangu."

"Ndiyo, nimemtoa hapo zizini kwako."

Unamwona? Laana ni ya kwangu, kondoo ni wangu, nyama ni ya kwake. Unakumbuka ulivyovalishwa wewe ile ngozi. Kiuvimbe kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe ulipokisikia kwanza, tukiwa tunapanda. Bura akasema kondoo. Kondoo akaliwa, yeye kidevu kinang'aa mafuta, wewe una kipande cha ngozi kidoleni. Halafu akasema mganga, yule wa njia ya Yaeda Chini, aliyekupaka ile dawa nyeusi iliyonuka kama pembe iliyoungua. Tukavuna, ngozi bado iko kidoleni, na punje imekuwa ngumi. Ile ngozi nilikuja kuikata mimi kwa wembe, kidole kilikuwa kimevimba. Kila nikimwona Bura anakula nyama, tangu siku hiyo, mimi siwezi kumeza.

Akaendelea, eti, "Na akikatwa, nani atamuoa?"

Fausta alikuwa mlangoni. Akasema taratibu, na heshima zake zote, "Baba mdogo, yule wa Babati aliponioa nilikuwa nayo yote mawili, na bado alikimbia."

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Bura hakucheka. Nikamfungua yule kondoo kamba, nikampiga kofi la makalio akarudi zizini mwenyewe, anajua njia. Nikamwambia Bura, shemeji, chai ipo, ukimaliza uende salama. Akanywa, akaenda. Lakini Fausta alipogeuka niliona hacheki tena. Akasema, "Siendi, mama. Tusibishane."

Sikubishana. Mimi nikaenda nje, nikazitazama zile kuni.

Unajua ni kuni nzuri? Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kavu, zimepasuliwa vizuri, hata za mzeituni zilikuwemo. Mtu akiwa hai wanakuletea mabua. Na desturi yetu unaijua, kuni za msiba hazirudishwi na hazipikiwi chakula cha kila siku. Zinakaa zinakungoja. Nikajiona nikizitazama kila asubuhi nikienda chooni, mwaka huu, mwaka kesho, zimekaa pale zinamngoja mwanangu. Kinyaa kile cha maji ya ng'ombe kikanijia kooni.

Nikaita, "Fausta! Njoo unisaidie kuwasha moto."

"Wa nini?"

"Wa kuni hizi."

Akasimama, akaniangalia. "Mama, hizo ni za msiba."

"Wa nani?"

Nikachukua lile sufuria kubwa, lile la msiba wako, ndiyo, hilo hilo, nikalijaza maji. Zile kuni ziliwaka kama zilikuwa zinasubiri. Maji yakapata moto, tukayabeba mpaka kwenye bafu la mabati, jua bado liko juu, kuku wanapita. Nikamwambia vua. Akasema, mama, mimi mtu mzima. Nikasema, vua.

Nilimwogesha, Paulina. Kama alivyokuwa mdogo, na kama nilivyokuogesha wewe siku ile ya mwisho, isipokuwa huyu ana joto. Aliweka mikono kifuani. Nikamwambia toa mikono, mimi ndiye niliyeyaumba hayo nikiwa nakula mahindi mabichi. Akatoa. Ni mazuri, mwanangu. Mazuri kabisa, hayana kosa. Nikayamwagia maji, nikayasugua kwa kiganja, nikayaambia asante, mmekaa vizuri, sasa nendeni, mwacheni mwenye mwili. Sikuwaza ninachosema, yalitoka tu.

Halafu nikamwambia lile neno lako. Lile ulilosema siku tulipobadilisha kitambaa na mvua inanyesha: "Aayo, ningejua kikiwa haragwe, ningeyakata yote kwa panga mwenyewe, nikayatupia mbwa, nikaenda kuchota maji." Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Fausta akalia. Alilia mpaka akakaa chini kwenye povu. Na wakati analia, yule mbuzi mwenye pembe moja akaingiza kichwa chini ya bati, akachukua sabuni, akaila. Anatafuna, povu linamtoka puani, ametukodolea macho. Fausta akaanza kucheka katikati ya kilio, mimi nikacheka, hatukuweza kusimama, bibi mzima na mtu uchi.

Aliponyamaza akasema, "Neema lazima amwone mtu mmoja wa ukoo huu aliyekwenda akarudi." Neema wako, Paulina. Yuko bweni Mbulu, amekuwa mrefu kama baba yake, na Fausta ndiye anayemshonea sare. Siku moja naye atatoa damu achague. Basi ni hilo tu. Hakusema "naenda". Aliniomba taulo.

Jana zilikuwa zimebaki kuni nyingi bado, na yale maharage ya gunia. Tukapika makande sufuria nzima. Nikapita mlango kwa mlango na goti langu, nikawaambia, mlileta kuni, njooni mle mlichopikia. Atakayekuja na leso abaki kwake. Wakaja. Turubai lilikuwa pale pale, mabenchi pale pale. Mwanzo wamekaa wananong'ona, hawajui waweke uso gani, maana moto wanauona ni wa kuni gani. Kikongwe mmoja alikataa sahani. Basi. Halafu Mama Safari akafika, na nikwambie, amevaa ile nyekundu juu ya blauzi. Juu, Paulina! Ili Fausta aone kwamba ameivaa. Akasimama mbele ya watu wote, ameshika kiuno, akasema, "Mwenye furaha ndiye huyu." Na akacheza. Mwanamke yule na mwili ule. Fausta akaenda akacheza naye, kifua kwa kifua, kwa mara ya mwisho matiti yalikuwa manne.

Mimi bado ananikera. Kuku wake walikuwa kwenye mboga zangu leo asubuhi. Lakini nilimwongezea makande.

Bura alikuja, alikula kuliko wote, anachokonoa sufuria anauliza nyama iko wapi. Nyama iko zizini, inacheua. Sikumpa hata mfupa. Na kichefuchefu changu kwake nasafiri nacho, sikiachi nyumbani.

Sasa Fausta anasema mkono umechoka na karatasi inaisha. Jambo la mwisho, halafu namwachia.

Unakumbuka alivyokuwa anakufuata shuleni? Hajafika hata umri wa kuandikishwa, anakukimbilia nyuma na gauni limepinda, na wewe unageuka unaokota udongo unamtupia. "Rudi kwa mama! Rudi!" Analia, anasimama njiani, halafu anarudi kwangu na udongo kwenye nywele. Nilikuwa nakugombeza. Nasema usimtupie mwenzio.

Daktari alisema watamlaza kwa dawa, atakuwa hasikii kitu, saa nyingi. Sijui mtu akilazwa hivyo anakwenda wapi. Kama anakuja njia hiyo ya kwenu, kama utamwona anakuja mbio nyuma yako na gauni la vifungo mbele, Paulina, usimpokee. Usimwambie karibu mdogo wangu. Okota udongo. Mtupie. Mtupie wa kutosha, sitakugombeza.

Fausta anafuta macho kwa mkono wenye kalamu, amejichora shavu. Andika, mama. Andika hivyo hivyo.

Kuni zimebaki chache. Nimeziingiza ndani, mvua isizikute. Ndizo za kuchemshia maji tukirudi.

Lala, mwanangu.

Ni mimi aayo wako, mama wa wewe na wa huyu anayeandika.